Mwanangu aliniletea SSD, lakini naogopa kuifungua

Kwako mshauri,

Salamu nyingi. Mimi ni mama wa miaka 52, natunza vitabu vya hesabu vya biashara ndogo nne. Kazi yote naifanyia nyumbani, kwenye laptopu niliyoinunua miaka tisa iliyopita. Hiyo ndiyo ofisi yangu. Kila ankara, kila mshahara, kila deni la wateja wangu limo humo.

Laptopu imechoka. Asubuhi naiwasha, natandika kitanda, nafagia, naoga, nikirudi bado vidoti vinazunguka kwenye skrini. Juzi nilipima kwa saa: dakika saba na nusu tangu nibonyeze kitufe mpaka nilipoweza kuandika tarakimu ya kwanza. Siku hizi kuna na mlio. Nikifungua faili kubwa nasikia tik, tik, tik, kila kitu kinaganda, halafu kinaendelea.

Mwanangu wa kwanza alipopata kazi, mshahara wake wa pili alininunulia SSD, yaani diski ya kisasa ya kuhifadhia mafaili, ya gigabaiti 480. Aliileta mwenyewe, kwenye boksi dogo, pamoja na waya wa kuiunganishia kwa USB. Alifurahi kuliko mimi niliyepewa. "Mama, kompyuta yako itakuwa kama mpya." Boksi lile liko kwenye droo ya meza yangu mpaka leo, na huu ni mwezi wa tano. Kila akipiga simu, salamu zikiisha huuliza, "Mama, nije lini niiweke?" Nami humwambia nimebanwa na mahesabu ya mwisho wa mwezi.

Sababu ya kweli ni hii. Miaka mitatu iliyopita, akiwa bado chuoni, kompyuta hii iliingiwa na virusi. Alisema dawa ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Alinakili folda ya nyaraka, akanakili picha, akanakili vilivyokuwa kwenye skrini ya mwanzo, kisha akaniuliza, "Kuna kingine?" Nikamjibu hakuna. Alipomaliza akarudi chuoni. Nikaiweka tena ile programu ya hesabu, nikaifungua, tupu. Vitabu vya wateja wawili, miezi kumi na moja, vilikuwa vimekwenda. Niliviandika upya kutoka kwenye risiti za karatasi, usiku, majuma matatu. Aliponiuliza kama kila kitu kiko sawa, nilimwambia kiko sawa. Mitihani yake ilikuwa imekaribia, na ile kazi alikuwa ameionea fahari. Hadi leo hajui.

Sasa anataka kufanya vilevile: aweke mfumo mpya kwenye SSD ili nianze na kompyuta safi. Mpwa wangu, ambaye naye ni mtu wa kompyuta, anasema la, diski ikloniwe, yaani inakiliwe nzima kama ilivyo, kila kitu kibaki mahali pake. Programu yangu ya hesabu ni ya zamani na kampuni iliyoitengeneza imeshafungwa. Namba ya leseni ninayo kwenye daftari, ila sijui kama itakubaliwa tena. Isitoshe, diski yangu ni ya gigabaiti 1000 na SSD ni ya 480. Mpwa anasema itaenea, mwanangu anasema haiwezekani.

Nikimkatalia mwanangu ataona zawadi yake nimeidharau. Nikimweleza yale ya zamani nitamvunja moyo. Nikimruhusu, sitapata usingizi. Wakati mwingine naona afadhali nivumilie hizi dakika saba mpaka kompyuta ife yenyewe. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mama wa Mahesabu

JIBU

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama pale unaposema uliandika vitabu vya miezi kumi na moja usiku, peke yako, huku mwanao akiamini kazi yake ilitoka vizuri. Pole sana. Umebeba mzigo huo miaka mitatu bila kumpa mtu aushike hata upande mmoja. Sishangai kwamba boksi la SSD limekuwa zito kulitoa kwenye droo.

Nikikuelewa vizuri, unauliza mambo matatu kwa mara moja: diski ihamishwe kwa njia gani, nani aihamishe, na yale ya zamani yasemwe au yaachwe yalale. Nitayapitia yote. Ila kuna la nne ambalo hukuliuliza, na hilo haliwezi kusubiri hadi uamue haya mengine.

Ni ule mlio. Ndani ya diski yako kuna sahani zinazozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5400 kwa dakika, na juu yake kichwa cha kusomea kinachoelea karibu kabisa bila kuzigusa. Kichwa kikishindwa kusoma mahali fulani hurudi, hujaribu, hurudi tena. Tik, tik, tik, na kompyuta kuganda, mara nyingi ndiyo hali hiyo. Diski yako sijaiona, na zipo zilizolia hivyo zikaendelea kufanya kazi muda mrefu. Zipo pia zilizolia asubuhi na jioni hazikuwaka. Nakuomba, leo, kabla ya kumpigia simu yeyote, tafuta diski ya nje au flashi yenye nafasi unakili vitabu vya wateja wako. Vitabu kwanza, picha baadaye. Wala usianze kwa kuiagiza Windows ikague na kurekebisha diski. Ukaguzi ule unaweza kuisomesha diski kutoka mwanzo hadi mwisho, na iliyo mgonjwa inaweza kuzimikia humo humo.

Hapo ndipo ningependa uliangalie upya lile wazo la kuvumilia. Linaonekana salama kwa sababu hakuna mkono unaogusa kitu. Lakini diski ikifa yenyewe, bila nakala, utakuwa umerudi kwenye yale majuma matatu ya risiti, safari hii kwa wateja wanne. Kuacha kama kulivyo nako ni kuchagua, na kuna hatari yake.

Sasa, vitabu viko wapi? Naona swali hili ndilo lililowaponyoka nyote wawili. Mwanao alinakili nyaraka, picha na vya skrini ya mwanzo. Alinakili kila alichoweza kukiona, akakuuliza kama kuna kingine, ukajibu kwa unavyojua. Programu nyingi za hesabu, hasa za zamani, haziweki vitabu kwenye folda ya nyaraka. Huviweka ndani ya folda ya programu yenyewe, au kwenye folda iitwayo ProgramData, ambayo Windows huificha, mtu asiione mpaka aamuru vilivyofichwa vionyeshwe. Nakuuliza kwa upole: kwa miaka yote hii umekuwa ukimwona mwanao kama mtu aliyepoteza vitabu vyako kwa haraka ya ujana? Maana ninavyoisoma barua yako, hakuna aliyefanya uzembe pale. Kulikuwa na folda iliyofichwa, na watu wawili wasiojua kwamba ipo.

Fungua programu yako utafute kwenye menyu zake sehemu ya kutunza nakala. Karibu zote zinayo. Itumie hiyo, kwa sababu programu inajua vitu vyake vinakaa wapi kuliko mimi na wewe. Ikimaliza, litazame faili lililotoka: tarehe yake, na hasa ukubwa wake. Vitabu vya miaka kadhaa, vya biashara nne, haviwezi kukaa ndani ya faili la kilobaiti mbili. Ukiona dogo namna hiyo, umenakili kivuli. Ukiweza kulirejesha kwenye kompyuta nyingine na kuona namba zako zikitokea, hapo utalala.

Tuje kwenye ubishi wa mwanao na mpwa wako. Wote wawili wana haki, kila mmoja na kipande chake.

Kuhusu kasi, mwanao hakutii chumvi. Kompyuta ikiwaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na kwa kila moja kichwa lazima kisafiri na kungoja sahani izunguke. Ni kama sehemu moja ya mia ya sekunde kila mara, inaonekana si kitu, lakini zidisha kwa maelfu. SSD haina sahani wala kichwa, kinachotakiwa hufikiwa kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndiyo maana kompyuta ileile, bila kubadilishwa kitu kingine, mara nyingi hutoka kwenye dakika kadhaa ikawaka chini ya dakika moja.

Kuanza na mfumo mpya kuna faida anazozijua. Takataka za miaka yote hubaki nyuma, na diski mgonjwa hailazimiki kusomwa yote, inatoa mafaili tu. Leseni ya Windows kwa kawaida hutambuliwa kwa ubao mkuu wa kompyuta, kwa hiyo kubadili diski peke yake hakukunyang'anyi. Kama bado mko kwenye Windows 10, Microsoft waliacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa anayehifadhi mishahara ya watu wengine hilo si jambo dogo. Muulize mwanao kama kompyuta ya umri huo inakubali mfumo mpya zaidi. Nyingi za rika hilo hazikubaliwi rasmi.

Hatari ya njia hiyo ni programu yako. Miaka mitatu iliyopita ilikubali namba kwa sababu pengine kulikuwa na seva, yaani kompyuta ya kampuni kwenye mtandao, upande wa pili ya kuithibitisha. Kampuni ikifungwa, seva nayo huzimwa, na namba ya kwenye daftari inaweza kubaki tarakimu tu. Ufundi wa mwanao, hata uwe mkubwa namna gani, hauwezi kuiwasha seva ya kampuni isiyokuwepo.

Njia ya mpwa wako inaiacha programu palepale ilipo, na leseni yake. Kuna programu za kufanya kazi hiyo, nyingine za bure kama Clonezilla. Lakini kukloni kunaisomesha diski kila sehemu yenye kitu, nayo inalia tayari. Inaweza kusimama katikati. Kwa diski zenye sekta mbovu, yaani vipande visivyosomeka, mafundi hutumia programu iitwayo ddrescue, ambayo huruka palipoharibika, ikachukua pazima kwanza, kisha ikarudi kujaribu pabovu. Jueni pia kwamba baadhi ya programu huangalia namba ya utambulisho ya diski, kwa hiyo hata kloni kamili inaweza kufunguka ikaomba leseni upya. Na kama kompyuta imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha vilivyomo kwenye diski, wakati mwingine bila mwenyewe kukumbuka kuiwasha, hakikisheni ule ufunguo wa tarakimu 48 umeandikwa kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote.

Kuhusu ukubwa, wanachobishania kinapimika. Gigabaiti 1000 ni chombo, la muhimu ni kilichojaa ndani. Fungua diski C uangalie imetumika kiasi gani. Ikiwa ni 200 au 300, itaenea baada ya kuipunguza patisheni, yaani sehemu ya diski iliyotengewa mafaili. Hapo mwanao naye ana sababu ya kusita, kwa kuwa programu kadhaa za kukloni, Clonezilla ikiwemo kwa mpangilio wake wa kawaida, hudai diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani hata kama nusu yake ni tupu. Kwa hiyo inawezekana, ila ina hatua moja zaidi, na hatua hiyo inabadilisha mpangilio wa diski ya zamani yenyewe. Ndiyo sababu nyingine nakala itangulie.

Kuna na njia ya fundi wa kulipwa. Siikatai, lakini vitabu vile si vyako peke yako, na ukimwachia mtu kompyuta siku mbili umemwachia mishahara ya watu ambao hawakuulizwa.

Sasa nisikilize hapa, dada yangu, maana ndipo naona hofu yako inaweza kupungua. Miaka mitatu iliyopita diski ilikuwa moja. Ilifutwa, na kilichokuwa juu yake kikaondoka pamoja nayo. Safari hii diski ni mbili. Ile ya zamani itafunguliwa skrubu, itolewe, iwekwe pembeni na vitu vyako vyote ndani yake. Mkiweka mfumo mpya kwenye SSD na programu ikakataa, mnaitoa SSD, mnairudisha ya zamani, kompyuta inawaka kama jana. Kisha mnaifuta SSD na kujaribu kukloni. Au mnakloni sasa, ufanye kazi zako mwaka mzima, na siku utakapopata programu nyingine ya hesabu ndipo muanze upya kwa utulivu. Mwanao na mpwa wako wanabishana kana kwamba mlango ukifungwa haufunguki. Unafunguka, mradi asiwepo mtu wa kuifuta ile ya zamani.

Pa kuogopa kweli ni mahali pamoja tu, na ningependa uwe umekaa hapo kwa macho yako. Katika kukloni kuna skrini inayouliza: chanzo ni diski ipi, na inayoandikwa ni ipi? Zikibadilishwa, ile tupu inaandikwa juu ya ile iliyojaa. Majina yanayotokea hapo hayaeleweki kirahisi, kwa hiyo tazama ukubwa. Ya zamani inaweza kuandikwa 1000 au 931, kwa kuwa programu hazihesabu gigabaiti kwa namna moja. SSD itaandikwa 480 au 447. Kubwa ndiyo chanzo. Isome namba kwa sauti, mwanao naye aisome, ndipo abonyeze. Wewe ni mtu wa hesabu. Kusoma namba mara mbili kabla ya kutia saini ni kazi umekuwa ukiifanya maisha yako yote, na katika chumba kile huenda ukawa ndiye mwenye jicho kali zaidi.

Mkimaliza kukloni, zimeni kompyuta, toeni ya zamani, kisha muiwashe kwa SSD peke yake. Zikiachwa zote mbili mara ya kwanza zina utambulisho mmoja, na Windows inaweza kuzichanganya. Isipowaka, msishtuke: mara nyingi ni mpangilio wa kwenye baiosi, programu ya kuiamsha kompyuta kabla ya Windows, unaoitafuta diski nyingine. Na huko mbele usiache kuchukua nakala. Diski ya kuzunguka walau mara nyingine hukuonya kwa mlio. SSD ikifa mara nyingi hunyamaza tu, na kilichofutwa humo ni vigumu sana kukirudisha.

Limebaki la mwanao. Sitakuambia umwambie wala unyamaze. Wewe ndiye uliyemzaa na unamjua. Nitakuuliza tu, ni moyo wa nani unaoulinda? Alikuwa mwanafunzi mwenye mitihani, ukamkinga, na sikuoni mbaya kwa hilo. Leo ni mtu mzima mwenye mshahara, na anachokipata kutoka kwako kila simu ni "mwisho wa mwezi". Inawezekana tayari moyo wake umeshaanza kuvunjika kwa kukosa jibu, naye hajui sababu. Ukimwambia, ataumia, pengine siku kadhaa. Pia atajua kwa nini mama yake anahitaji kuona nakala kwa macho kabla ya bisibisi kutoka mfukoni, na hataichukua tahadhari yako kuwa ni dharau. Usipomwambia, itakubidi utafute namna ya kumtaka awe mwangalifu bila kusema kwa nini, na vijana hulisikia haraka neno lililofichwa.

Kuna njia ya katikati ambayo huenda ikawa rahisi mdomoni mwako. Anza na folda. Mwambie, "Mwanangu, nimegundua ile programu yangu huficha vitabu mahali ambapo mimi na wewe hatukuwahi kupaangalia." Yeye ni mtu wa kompyuta, ataelewa mara moja maana yake, na huenda akauliza mwenyewe, "Mama, wakati ule...?" Hapo utakuwa na nafasi ya kusema kadiri utakavyoweza, na kumwambia pia kwamba ulijibu "hakuna kingine" kwa mdomo wako. Siku hiyo ya kosa mlikuwa wawili, na hata siku ya kuliongea mnaweza kuwa wawili.

Siku mtakayokaa mezani pamoja, diski ya zamani ikishatoka, usimwachie aibebe. Ichukue wewe. Ibandike karatasi, uandike tarehe na neno "Usifute", kisha uilaze ndani ya lile boksi dogo alilokuletea, uirudishe kwenye droo.